Kadi za Chama Nisichokianzisha

Watu wa Masukulu walikuwa wakiiita bendera ya taifa “bendera ya shule”, kwa kuwa hawakuiona ikipepea kwingine karibu. Jina hilo lilinikera. Nilikuwa mwalimu kijana kutoka Singida, mwepesi wa hasira na mjuaji wa kila kitu, na darasa la watu wazima lililokutana shuleni kila alasiri lilikuwa mikononi mwangu. Nikaamua kuwafundisha bendera zetu zilikotoka.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni Tukuyu, na vyama vya siasa vikaruhusiwa kuwa vingi. Nikanunua pazia la kijani, sketi nyeusi na gauni la mtoto la njano, nikampelekea fundi cherehani wa Msasani, mtaa wa hapo hapo Tukuyu, anishonee bendera ya Tanganyika, ile ya kabla ya Muungano. Fundi aliniangalia kama mtu aliyerogwa, ila kazi aliifanya vizuri. Mpaka leo nikikumbuka nilivyorudi na kile kitambaa kwapani, mvua ikininyeshea katikati ya migomba, natamani kurudi kule hata kwa siku moja.

Siku ya somo nilikitundika ubaoni. Kijani juu, kijani chini, katikati weusi wenye kingo za njano. Nikaeleza kwa mbwembwe jinsi Muungano ulivyoleta buluu ya Zanzibar na mistari ikalazwa mshazari. Watu walitulia tuli, wengine wametoka moja kwa moja kuchuma chai, vikapu miguuni. Nikajisifu moyoni kwamba leo nimefundisha. Nilipouliza kama kuna swali, baba mmoja akasimama.

“Mwalimu, ndaga, asante. Tumeelewa sana. Kadi mtatoa lini?”

“Kadi gani?”

“Za chama chako. Na fulana kama zipo, mimi navaa kubwa.”

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Wao hawakucheka. Watatu walikuwa wameshaanza kupanga mstari.

Kicheko kilikatika kesho yake asubuhi, mwenyekiti wa kijiji aliponiita ofisini. Alikuwa ameambiwa kwamba mwalimu ameanzisha chama. Mezani palikuwa na kitambaa changu, alichokwenda kukichukua shuleni mwenyewe, na barua ya kwenda wilayani iliyobaki kupigwa muhuri tu. Mtumishi wa serikali kufanya siasa darasani ilikuwa ni kupoteza kazi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomesha wadogo zangu. Nikajieleza. Nikamwambia ile ni bendera ya Tanganyika, ya kabla ya Muungano.

“Bendera ya Tanganyika mimi sijawahi kuiona,” alisema. “Nitajuaje kwamba hii si yako?”

Mlango ukasukumwa, akaingia mama mzazi wa mwenyekiti, mwanafunzi wangu wa dawati la mbele, tope mpaka magotini. Hakutusalimia. Alikishika kile kitambaa akakipapasa pindo.

“Gwe, wewe ulishaiona,” alimwambia mwanawe. “Siku ya Uhuru, ilipopandishwa pale bomani Tukuyu, tulikwenda kwa miguu, sote watatu. Watu walikuwa wengi, wewe mdogo, unalia kwamba huoni. Baba yako akakuweka mabegani.”

Mwenyekiti alimgeukia mama yake. Hata mimi mgeni nilijua kwamba baba yake alifariki yeye akiwa bado hajui kusema vizuri, na kwamba nyumbani kwao hapakuwa na picha ya marehemu hata moja.

“Alivaa nini?” aliuliza.

“Kaptura ya kazi. Ndiyo aliyokuwa nayo.”

“Na mimi nilifanya nini?”

“Ulimshika masikio, ukanyamaza.”

Niliona aibu kuwepo pale, nikakaza macho sakafuni. Nikasikia karatasi ikichanwa. Hakuna aliyeniaga wala kuniomba radhi, nami sikungoja, nilitoka nikiwa nimelowa jasho kwenye baridi ile.

Alasiri mwenyekiti alikuja darasani. Akajibana kwenye dawati pembeni ya mama yake, magoti yakigonga mbao, akakikunjua kile kitambaa mbele yake. Mimi nilikuwa nimepanga kuendelea na Muungano. Nilipoanza kuandika ubaoni, mwenyekiti akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

“Mwalimu, naomba turudi nyuma kidogo,” alisema. “Anzia pale inapopandishwa.”