Nilimfundisha Mwanangu Kuficha Maumivu ya Jino

Kosa ni langu. Msinitafutie sababu, maana nimejitafutia mwenyewe mpaka zimeniishia. Naandika hapa kwa kuwa mtaani kwetu Karatu siwezi kulisema jambo hili kwa mdomo wangu, na kulinyamazia nako nimeshindwa.

Nina mtoto mmoja wa kike. Nitamwita Neema, ingawa silo jina lake. Mambo haya yalipotokea alikuwa na miaka minne. Baba yake ni dereva wa watalii. Msimu wa wageni ukianza, maisha yake ni Ngorongoro na Serengeti, nyumbani anapita tu kubadilisha nguo. Mimi nauza mitumba ya watoto mnadani.

Mama mkwe wangu ni mkulima, anaishi Endamarariek. Aliniomba mara nyingi nimpelekee Neema akae naye msimu wa kazi, mimi nikakataa. Nilimwona kama mtu anayetaka kuninyang'anya mtoto. Siku moja tulijibizana mbele ya mume wangu, nikamwambia wazi kwamba mimi sijashindwa kulea. Mume wangu akasema sawa, mtoto abaki, ila siku za mnada asiachwe peke yake. Nikaahidi.

Siku ya tukio, jirani niliyezoea kumwachia Neema alikuwa amekwenda msibani Buger. Nilijua tangu asubuhi. Lakini mzigo ulikuwa umeshafungwa, gari la kuubeba limeshafika, nami nikajiambia nitarudi mapema. Nikamwekea mtoto chai na maandazi, nikamkanya asiguse jiko, nikafunga mlango kwa nje na kufuli.

Wateja walikuwa wengi. Hiyo mapema yangu ikawa saa nane mchana.

Nilipofungua nilimkuta ameketi sakafuni, ameegemea ukuta. Gauni lilikuwa na damu kifuani, na damu yenyewe ilikuwa imeshakauka. Hakuwa analia. Alikuwa amemaliza kulia, jamani!

Stuli ilikuwa imelala chini ya dirisha. Alipanda ili ashike nondo na kunitafuta kwa macho, stuli ikateleza, akagonga mdomo kwenye saruji ya dirisha. Jino lake la mbele, la juu, lilikuwa limekatika nusu. Katikati ya kipande kilichobaki palionekana kitone chekundu, kidogo kama kichwa cha pini.

Nilimbeba mbiombio hadi hospitali. Naapa nilimbeba, nikafika mpaka getini. Pale ndipo akili ikaanza kunipigia hesabu za ajabu. Daktari ataniuliza mtoto aliangukia wapi na mimi nilikuwa wapi. Pale kwenye foleni hakosi mtu anayenijua, na habari itafika Endamarariek kabla sijarudi nyumbani. Mama mkwe atakuja kumchukua mjukuu wake, na mume wangu hatakuwa na neno la kunitetea.

Nikageuka na mtoto wangu mgongoni. Njia nzima nikawa najifariji kwamba hili ni jino la utotoni tu, litang'oka na lingine litaota.

Nikampigia mume wangu, nikamwambia Neema ameanguka bombani akicheza na wenzake, jino limemeguka kidogo. Akataka amwone kwenye simu. Nikasema mtandao unasumbua.

Kisha nikafanya lile ambalo ndilo hasa nakuja kuliungama. Nilipiga magoti mbele ya mtoto, nikamshika mabega. Nikamwambia: "Ukimwambia baba au bibi kwamba nilikufungia ndani, watakuchukua wakupeleke mbali, na mama hutamwona tena. Ukiulizwa, sema ulianguka bombani."

Akaitikia kwa kichwa.

Siku za mwanzo alilia akinywa kitu cha baridi, nikawa nampa dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Halafu akaacha kulia. Mimi nikafurahi, nikadhani amepona! Kumbe mtoto alikuwa ameelewa kwamba akilia watu watauliza, na watu wakiuliza, mama atapotea.

Akajifunza kutafunia pembeni. Akajifunza kucheka amefunika mdomo kwa kiganja. Mimi niliyaona hayo yote, nikayaacha.

Baba yake alipokuja, jino lilikuwa limeanza kuwa la kijivu. Akashtuka, akasema mtoto apelekwe akaangaliwe. Nikamjibu kwamba nimeshampeleka, wamesema tusubiri litoke lenyewe. Neno hilo lilinitoka kirahisi mno. Alipoondoka tu nikaona nilivyojifunga. Sasa hata nikitaka kumpeleka kwa siri, daktari akiamua jambo lolote, nitamwelezaje mume wangu kuhusu wale niliosema walimwona mwanzo? Kila nilipofikiria pa kutokea, nilikuta uongo wangu mwenyewe umekaa mlangoni.

Nikawa siendi popote bila hofu. Jirani akibisha hodi, namtuma Neema chumbani. Kanisani nilikaa viti vya nyuma. Wenzangu wa mnadani wakinitania kwamba nimekonda, nawajibu ni jua.

Baadaye kukatokea kipele kwenye ufizi, juu ya lile jino. Kikapasuka, ukatoka usaha, na maumivu yakaonekana kupungua. Nikamshukuru Mungu kwa ujinga wangu. Sikujua kwamba ndani bado kunaoza.

Jumamosi moja mama mkwe alikuja kutusalimia, amebeba mahindi mabichi ya shambani kwake. Akayachoma mwenyewe, akampa mjukuu wake hindi zuri, maana Neema alikuwa analipenda kuliko kitu chochote. Mtoto akalishika mikononi muda mrefu, akalirudisha. Bibi akamuuliza kama anaumwa. Akajibu hapana, ameshiba. Asubuhi hiyo hakuwa amekula kitu.

Mama mkwe alinitazama, mimi nikainama kuchochea moto. Usiku huo alilala kwetu.

Kulipokucha Jumapili, uso wa Neema ulikuwa umevimba kuanzia mdomoni hadi chini ya jicho, na jicho lenyewe lilikuwa linaanza kufumba. Mwili ulikuwa wa moto. Mama mkwe alimfunga mgongoni kwa shuka lake, akatoka kwenda hospitali, mimi nikamfuata nyuma kama mgeni.

Daktari wa meno aliitwa kutoka nyumbani kwake. Mama wa makamo, mpole. Akauliza ilikuwaje. Na mimi, wenzangu, nikiwa namwona mwanangu hajiwezi, nikasema alianguka juzi bombani!

Daktari akamfunua mdomo taratibu, akamulika. Akasema jino hili limekufa siku nyingi, na uvimbe umekaribia jicho, kwa hiyo anahitaji kujua ukweli ili ajue anatibu nini. Akauliza tena.

Neema alikuwa mapajani kwa bibi yake. Akageuka, akanitazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi.

"Mama," akasema, "niseme ile ya bombani?"

Mimi nilikaa chini sakafuni, nikasema yote. Kufuli, stuli, geti la hospitali, na maneno niliyomlisha mtoto.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba kile kitone chekundu kilikuwa kiini cha jino, sehemu yenye damu na mishipa ya fahamu. Ningempeleka siku ile ile, kuna uwezekano mkubwa angetoa sehemu ndogo iliyojeruhiwa, akaweka dawa, akaliziba, na jino lingekaa mpaka muda wake wa kung'oka. Sasa usaha ulikuwa umefika hadi kwenye mzizi na kusambaa. Neema alilazwa, akawekewa dripu za dawa, kisha akapigwa ganzi na jino likang'olewa. Daktari akasema pia kwamba jino la ukubwani lilikuwa linajengeka juu yake palepale. Huenda likaota na doa, huenda likaota vibaya, hawezi kuniahidi. Tutajua litakapotoka.

Kwenye korido mama mkwe alikaa kando yangu. Nilisubiri anitukane.

"Mama Neema," akasema, "ningekurudishia mtoto kila jioni uliyomtaka. Mimi nilitaka kukusaidia tu."

Akanyanyuka, akarudi kwa mjukuu wake. Akasema mume wangu nitamwambia mwenyewe, yeye hatatia neno.

Nilimwambia aliposhuka kutoka Ngorongoro. Hakunipiga, hakupaza sauti. Aliniuliza jambo moja, kama kweli niliwahi kumpeleka mtoto kwa daktari ile mara ya kwanza. Nikasema hapana. Tangu siku hiyo, kila ninachomwambia anakwenda kukithibitisha kwa mtu mwingine, hata bei ya unga.

Neema sasa anakaa Endamarariek. Tulikubaliana wote watatu, nami sikuwa na mdomo wa kukataa. Lile nililoliogopa nimelileta mwenyewe, tena nikamuumiza mtoto kwanza. Jumapili nakwenda kumwona. Ananisalimia vizuri, ananipokea mkoba, kisha anakaa karibu na bibi yake. Nikimuuliza kama kuna mahali panauma, anasema hapana haraka sana, nami sijui kama ni kweli. Nilimfundisha vizuri mno.

Wazazi wenzangu, jino la utotoni ni jino. Lina kiini, lina maumivu, na likioza linaweza kumuumiza mtoto usoni kote. Akianguka leo, mpeleke leo, hata kama aibu ni yako. Daktari akikuuliza ilikuwaje, mwambie ilivyokuwa. Na usimpe mtoto mdogo siri yako aibebe, kwa sababu ataibeba kweli, na siku atakapoumwa hutamsikia.