Pampu ya Akiba na Rubisi ya Shemeji

Povu lilianza kidogo tu, kama la sabuni, halafu likapanda. Likajaa juu ya kioo, likamwagika, likashukia kitambaa cha meza ambacho mke wangu alikuwa amekifuma kwa mkono wake na kukipiga pasi asubuhi ile kwa ajili ya wageni. Sebule nzima ikanuka ndizi iliyochacha. Ndani ya sanduku la kioo maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, na samaki wangu wote wakapanda juu, midomo wazi, wakihema kama watu waliopanda mlima na mzigo. Dume wangu mwekundu, ambaye nilikwisha kuambiwa kwamba wa aina yake hawaonekani tena kwenye nyavu, aliinama upande, akajinyoosha, akainama tena.

Shangazi yake mke wangu, bibi mmoja aliyekuwa ameketi karibu kabisa na kioo, alikuwa anatafuna punje zake za kahawa taratibu. Akaangalia, akasema, "Mkwe, samaki wako wanaomba kikombe."

Watu walicheka mpaka bati likaitika. Hata mimi kidogo kilinitoka kicheko, Mungu anisamehe, maana lilikuwa neno zuri. Aliyecheka kuliko wote ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, bwana harusi wa juzi juzi, aliyekuwa amekalia kiti changu. Ndiye ninayemwandika. Jina lake silitaji kwa heshima ya dada yake, lakini Kaisho hapa anajulikana, na Nyabiyonza kwao anajulikana zaidi.

Ngoja nirudi nyuma, nisije nikaonekana nina wivu na furaha za watu.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Vita vya sabini na nane vilinikuta Kyaka nikiwa kijana wa kubeba mizigo, nikatoka pale na godoro kichwani na kiatu kimoja, nikapona. Baadaye nikapata kazi Bukoba kwenye boti ya mizigo ya injini, tunapeleka mikungu ya ndizi visiwani na kurudi na samaki wakavu. Boti ile ilikuwa inavuja. Chini kabisa ilikuwa na pampu ndogo ya betri, ukubwa wake kama kopo la maziwa ya unga, kazi yake kutema maji nje. Moja tu. Nilimwambia tajiri mara nyingi: mzee, weka ya pili, hiyo ikifa tumekufa. Akawa ananiuliza mimi nimeoa wake wangapi, mbona mmoja ananitosha. Siku moja pampu ikafa kweli, katikati ya maji. Boti ikazama taratibu, kwa adabu, kama bibi anayeketi kwenye mkeka, na sisi tukabaki tunaelea tumekumbatia mikungu. Hapo ndipo nilipojua kwamba mkungu wa ndizi unaelea vizuri kuliko ahadi ya tajiri. Wote tuliokotwa wazima. Tajiri alipoivuta boti yake nchi kavu, ndipo akanunua pampu mbili mpya, halafu akaamua kuuza injini na kuacha biashara. Nikamwomba zile pampu. Akanipa, nadhani ili ninyamaze. Nimenyamaza mpaka leo, sasa nimesema: naye ni mkosaji wangu, ila wa pili.

Pamoja na pampu nilirudi nyumbani na samaki. Miaka ile sangara alikuwa amekwisha kulifagia ziwa. Wale furu wadogo waliokuwa wanajaa hata kwenye ndoo ya mtoto wakawa hadithi. Lakini kwenye mawe ya kisiwa kimoja tulipokuwa tunapakulia ndizi, walikuwa wamebaki wachache wa rangi, dume mgongo mwekundu kama pilipili na tumbo jeusi, majike wa kijivu tu. Niliwatia kwenye dumu lenye mdomo mpana, nikapanda nao basi, na kila kituo nafungua kifuniko na kuyakoroga maji kwa mkono wapate hewa. Kondakta akaniuliza kama ninapika. Sikuwa na sababu ya maana ya kuwabeba. Rangi yao ilinipendeza, basi.

Vioo nilivipata kwenye kabati la duka lililofungwa, nikaviunganisha kwa gundi ya vioo vya gari, nikayabadilisha maji mara kadhaa mpaka harufu ya gundi ikaisha. Sanduku nikaliweka sebuleni juu ya meza ya mninga. Maji yakizidi yanashuka kwa bomba mpaka kwenye nusu pipa chini ya meza, yanapita katika vipande vya godoro la sponji, mkaa na changarawe, halafu pampu inayarudisha juu yakiwa safi. Umeme hapakuwa nao. Nilitumia betri ya gari, nikaipeleka kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga. Pampu ile ilikuwa na nguvu za boti, ingewatupa samaki ukutani, kwa hiyo umeme wake niliupitisha kwanza kwenye balbu ya taa ya gari. Pampu ikapoza mwendo, na balbu ikawaka kidogo juu ya maji, ikawafanya samaki wang'ae. Ukiona balbu imewaka ghafla kwa ukali, ujue pampu imekwama.

Lilinishinda jambo moja mwanzoni. Pampu ikizimika, maji ya juu yalikuwa yanarudi yenyewe kwa mpira uleule, yanajaza nusu pipa na kumwagika. Mke wangu aliamka asubuhi akakuta kandambili zake zinaogelea. Nikatoboa tundu dogo kwenye mpira, karibu na uso wa maji, ukivuta hewa maji yanakatika. Hilo likaisha.

La pili nililolifanya ni kuweka pampu ya akiba. Niliizamisha kwenye pipa lake mwenyewe, pembeni, limejaa maji safi ya mvua, lina kifuniko, lina betri yake na swichi yake. Akiba haili chungu kimoja na mwenye nyumba. Nusu pipa likipasuka, au pampu ya kwanza ikifa, unabonyeza swichi, maji mapya yanapanda. Watu walikuja kunisuta. Mmoja ananiuliza hawa wanaliwa lini. Mwingine anasema mtu ana pampu mbili za samaki wasioliwa, na jirani zake wanachota maji bondeni. Mama mkwe, aliyezaliwa katika watu wa ng'ombe wasiogusa samaki, akija anakunywa chai yake barazani na kuniuliza kwa sauti kama wale wadudu bado wako ndani. Nikawa namjibu wapo, mama, wanakusalimu.

Kisha jike mmoja akaacha kula. Mashavu yamevimba, mdomo haufunguki. Furu hatagi akaondoka, anabeba mayai mdomoni, na watoto wakitoka anaendelea kuwabeba humo humo mpaka waweze kujitegemea. Bwana samaki mmoja, ofisa wa uvuvi aliyekuwa akipita kutoka Bukoba, aliingia, akasimama mbele ya kioo muda mrefu kama mtu aliyeingia kanisani kachelewa. Ndiye aliyeniambia kwamba wekundu hawa yeye hajawaona tena kwenye wavu wowote. Akasema, mzee, nikuombe kitu kimoja, watunze watoto hawa, na wakikua nipate habari. Nikasema watakua. Nilikuwa na pampu mbili, ningeogopa nini.

Sasa harusi ya shemeji. Kwao Nyabiyonza walikamua rubisi, hiyo pombe yetu ya ndizi, nyingi mno, ndizi zimekandwa kwa majani kwenye mtumbwi wa mti, mtama umewekwa, imefunikwa ikachacha. Tatizo likawa kuitoa mtumbwini na kuiweka kwenye mapipa ya kupeleka ukumbini. Desturi ni kuchota kwa kibuyu, watu wanaimba, kazi inaisha. Lakini shemeji alikuwa amekodi pikapu, na mwanamume akikodi pikapu anaona kibuyu ni ushamba. Akakumbuka kuwa kwa dada yake kuna pampu ya betri inayolala bure.

Mimi nilikuwa Kayanga kutafuta maji ya betri, na gari la kurudi likakosekana. Alikuja nyuma yangu. Mke wangu anasema alimwambia subiri shemeji yako arudi, naye akajibu kwamba shemeji anajua, wamekwisha kuongea. Uongo huo wa kwanza. Akachukua pampu, akachukua na pipa lake. Dada mtu angefanyaje, harusi ya mdogo wake, amnyime pipa? Yeye nilimsamehe jioni ya siku ile ya povu, ingawa kitambaa chake cha meza kilichangia katika msamaha huo.

Wanasema ilifanya kazi vizuri. Wanasema rubisi iliruka kutoka mtumbwini hadi kwenye pikapu na watu wakapiga vigelegele. Mimi nilifika harusini mchana, nikacheza, nikala. Rubisi sikuigusa kwa sababu pombe niliiacha siku ya mikungu. Sikujua kwamba kinachomiminwa pale kimepita kwenye pampu yangu. Nilirudi nyumbani nikakuta pipa liko mahali pake, limejaa maji, limefunikwa. Nani angefunua? Mke wangu hakulitaja, maana aliamini nimekwisha kuongea na mdogo wake.

Siku chache baadaye maharusi wakaja kushukuru, na shangazi, na wazee wawili watatu. Tukawapa kahawa ya kutafuna, mke wangu akapika matoke na maharage, mazungumzo yakawa matamu. Shemeji alijitupa kwenye kiti changu, akawa anamwonyesha bibi harusi samaki, anajifanya mwenyeji: huyu dume, huyu ana mimba ya mdomoni. Bibi harusi alikuwa anacheka kwa aibu na kufunika mdomo wake.

Ghafla balbu ikawaka kwa ukali. Shangazi akajikinga macho. Nikajua pampu imekwama, na kweli, kipande cha sponji kilikuwa kimeingia kwenye mdomo wake. Ningeweza kuitoa na kuisafisha bila haraka, maji hayaharibiki mara moja. Lakini nilikuwa na wageni, na nilikuwa nimeingojea siku hiyo tangu nilipokumbatia mkungu ziwani. Nikasimama, nikawaambia wasiogope, hapa nyumbani ikifa moja kuna nyingine.

Ndipo nilipomwona shemeji. Aliacha kutafuna. Aliangalia pipa, akaangalia mkono wangu, kisha akainua macho akawa anaangalia dari kama anatafuta panapovuja. Nilidhani anavutiwa na ujuzi wangu. Nikabonyeza.

Kumbe pipa halikuoshwa. Mashapo ya rubisi yalibaki chini, na mtama wake, na shemeji alipolirudisha akamimina maji juu yake ili harufu isitoke, akafunika. Siku zote hizo yalikuwa yanachacha kivyake. Pampu ya boti ikayanyonya yote na kuyapandisha kwa nguvu.

Kicheko kilipoisha kazi ilianza. Shangazi, kwa haki yake, ndiye aliyeamka wa kwanza. Alivua kitenge chake cha juu na kufuta povu huku akituamuru kama jemadari. Mke wangu alileta beseni la maji ya mvua. Bibi harusi, na vazi lake jipya, akatia mikono mpaka viwikoni, akawa anawatoa samaki mmoja mmoja kwa kichujio cha chai. Mumewe alisimama mlangoni akisema maneno ya kushauri. Dume mwekundu, wa pekee niliyekuwa naye, nilimtoa mimi. Alifungua mdomo mara moja kwenye kiganja changu, na rangi ikamtoka nikiwa namwangalia, ikaanzia mkiani.

Jike aliyebeba aliwatema watoto wote kwa hofu. Walikuwa wadogo kama punje za ulezi, macho tu. Tuliwachuja wachache, wengine walikwenda na povu. Mama yao aliishi. Watoto waliobaki niliwalea kwa kiini cha yai la kuchemsha na viluwiluwi vya mbu, na walikua vizuri, na nyumba ikarudi kuwa na furaha, sitasema uongo. Kila asubuhi nilikuwa nawaangalia migongo: labda huyu, labda yule. Walipofika ukubwa wa kubadilika rangi, hakubadilika hata mmoja. Wote majike. Wote wa kijivu. Walizeeka humo ndani wakiwa na pampu mbili safi na hawana mume, na mmoja baada ya mwingine wakaisha. Bwana samaki nilimpelekea habari kama nilivyoahidi. Alinijibu kwa neno moja tu, pole.

Sasa huyu shemeji. Miaka imepita, ana watoto wakubwa, ana mvi za heshima, na kwenye kila sherehe huanza kwa kuwachekesha watu kwa habari ya muramu wake, yaani mimi shemeji yake, aliyewanywesha samaki rubisi ili aone kama watacheza. Mimi, nisiyekunywa. Watu wananipungia mkono sokoni Kaisho na kuniuliza samaki wangu wamelevuka? Nacheka nao. Sina ugomvi na utani, shemeji na shemeji wanataniana, ndiyo mila.

Shemeji, pampu siidai, pipa silidai. Harusi yako ilikuwa nzuri na mkeo ni mtu kukushinda. Lakini Krismasi hii tunakutana Nyabiyonza, dada yako yupo, mkeo yupo, na shangazi bado yu hai na akili zake timamu. Usimame mbele yao, uache vichekesho, unijibu jambo moja. Uliuona mkono wangu unakwenda kwenye swichi. Ulijua kilichomo ndani ya pipa. Neno moja lingetosha, hata kukohoa tu. Kwa nini ulinyamaza?