Mji Niliokataa Kuuzamisha

Harufu ya pasi ya mvuke juu ya kitambaa kibichi hunirudisha Satwa, mtaa wetu huko Uarabuni, kwenye duka la mama la kushonea nguo. Nikiisikia tu, hasira niliyokuwa nayo nikiwa na miaka tisa inaamka. Msinicheke, mie hasira zangu nazitunza.

Mpiga pasi wetu, Ami Sabri, alikuwa Mmisri wa Abu Kiri, karibu na Iskanderia. Akipiga pasi alinihadithia Thonisi, bandari ya kale iliyokaa mdomoni mwa mto Nile, ikazama baharini na mahekalu yake, mpaka wapiga mbizi walipoikuta chini ya matope. Ndugu yake alifanya kazi kwenye boti lao. Aliliona kwa macho yake sanamu la mawe mekundu likipandishwa, maji yanalichuruzika puani. Hiyo pua sikuisahau.

Basi skuli wakatutaka tuchore Misri ya kale. Wenzangu wote, piramidi. Mimi nikachora Thonisi, samaki wanaingia hekaluni kama wenye nyumba. Mwalimu akasema mji huo haumo kitabuni, nimeubuni kisha nikadanganya kuwa ni wa kweli. Akampelekea mama barua: niombe radhi mbele ya darasa, la sivyo mchoro hautundikwi siku ya wazazi. Na mwalimu huyo alikuwa mteja wa mama.

Sasa, nyumbani kwetu kuomba radhi hakukungoja kosa. Mkubwa akikasirika, mdogo anambusu mkono, anasema "niwie radhi," yamekwisha, hata kama mkubwa ndiye aliyekukanyaga.

"Kesho muombe radhi, yaishe," mama alisema dukani, pini mdomoni.

"Mie sikusema urongo."

"Nani kasema umesema? Muombe tu. Mwalimu ni mzazi."

"Basi huyo mzazi aniombe yeye!"

Loo! Nikafumba macho kusubiri kofi. Halikuja. Mama alizitoa pini mojamoja, akamgeukia Ami Sabri.

"Wallahi, mji huo upo?"

"Wallahi upo, mama."

Asubuhi hakufungua duka. Alinishika mkono hadi darasani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kasahau kuivua. Alisema kwa Kiarabu chake cha dukani, taratibu, kila mtoto akasikia: "Madam, mwanangu haombi radhi. Mji upo. Kama kitabu hakiujui, kitabu ndicho kisome." Mchoro ulitundikwa nyuma ya mlango, lakini ulitundikwa, na mimi nikatembea wiki nzima kifua mbele, nikidhani nimeshinda peke yangu.

Idi ile mwalimu hakuja kushonesha. Wala dada zake, wala shoga zao. Meza ya mama, ambayo kila mwaka ilifunikwa na magauni yao, ilikaa tupu. Sikuliona hilo, nilikuwa naringa.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipomuuliza mama kama alijua watamsusa.

"Nilijua kabla hatujatoka nyumbani."

"Mbona ukaenda?"

Akanitazama kama niliyeuliza upuuzi. "We! Maisha yangu yote naomba radhi kwa nisiyoyatenda. Nilitaka nyumba hii iwe na mmoja asiyejua kuyasema maneno hayo."

Basi siyajui mpaka leo. Waulizeni mabosi zangu.