Viatu vya Nyanya Mlangoni pa Lifti

Juzi nilikwenda mjini kuonana na daktari wa macho, na chumba chake kiko ghorofa ya tisa. Lifti ilipofunguka, kijana mmoja aliuzuia mlango kwa mguu akaniambia, "Mathe, ingia, nafasi iko." Nikamshukuru, nikapanda ngazi. Nilifika juu nikihema hivi kwamba daktari alinipima presha kabla ya macho. Usinicheke, rafiki yangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliumwa nikiwa mtoto wa darasa la pili, siku tuliyompeleka nyanya kuona Nairobi.

Tulikaa mtaa wa Maringo, chumba kimoja na pazia katikati. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, na nyanya, mama yake mzazi, akaja kutoka Magharibi kumtunza, na kuku wawili kwenye kikapu. Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Kwa hiyo nyanya alilala kwa jirani, mama wa kutoka Murang'a, akala githeri ya huko, mahindi na maharagwe, na kuisifu kwa adabu ingawa tumbo lilimsumbua. Baba akirudi kutoka kiwandani alikohoa akiwa bado mbali, ili nyanya apate kuondoka. Niliambiwa kwamba wakigusana, atakayedhurika ni yule mtoto mchanga. Niliamini hivyo kama nilivyoamini kwamba moto unachoma.

Lakini mgeni hangeweza kurudi bila kuonyeshwa mji. Huko nyumbani wangemuuliza ameona nini! Mama hakuweza kutoka na kichanga, basi baba akajitolea, akanipa kazi yangu. "Mimi nitatangulia. Wewe mshike nyanya mkono, na usimwachilie hata kidogo." Jirani naye akaongeza lake: "Na asiangalie maghorofa sana. Wezi watamvua leso akiwa amesimama."

Tukaenda, baba mbele na koti lake la kijivu, sisi tukimfuata kwa mbali. Tuliona nyoka nyuma ya vioo, nyanya akatema mate chini kuwalaani. Tuliona taa zinazosimamisha magari, na maji yanayoruka juu yenyewe. Bustanini mpiga picha alitaka kutupanga sote watatu, na baba akaruka kando kama aliyekanyaga siafu. Tukapigwa picha mbili. Kila kitu baba alikieleza kupitia kwangu. "Mwambie nyanya hapo ndipo kesi zinasikizwa." Nyanya, aliyekuwa amesikia kila neno, alingoja nimwambie ndipo ashangae. Mimi sikuona raha yoyote. Nilikuwa nikiogopa magari, nikiogopa watu, nikiogopa zaidi kulipoteza lile koti. Mkono wa nyanya ulikuwa umelowa jasho langu.

Mwisho tukafika kwenye lile jumba refu la mviringo. Kurudi nyumbani bila kupanda huko juu ilikuwa kupoteza nauli, baba alisema. Ila lifti ni chumba kidogo cha kufungwa, na yeye hakuweza kufungiwa humo pamoja na mama mkwe. Akatangulia peke yake. "Hii ikirudi, ingieni. Nitawangoja juu."

Ikarudi, tupu, sakafu yake inang'aa. Nyanya aliitazama, akaona ni nyumba ya watu wastaarabu. Akafanya alivyofanya maisha yake yote kwenye mlango wa watu: akavua viatu, akaviacha nje vimepangwa vizuri, akaingia. Nikamwachilia mkono nikatoka kuviokota. Nilipogeuka, mlango ulikuwa unajifunga. Nilimwona nyanya ananyoosha mkono, halafu sikumwona tena.

Nikabaki na viatu vyenye joto la miguu yake. Niliupiga mlango ule kwa viatu hivyo, nikaita, nikalia. Watu walipita, mmoja akaniuliza jambo kwa Kiingereza na hofu ikanizidi, nikajibana ukutani. Lifti ikafunguka, wakatoka wanaume wenye mikoba. Ikafunguka tena, wakatoka watu nisiowajua. Nilijua kwa hakika kwamba nyanya amemezwa, kwamba baba hatashuka, na kwamba nitazeeka pale.

Ilipofunguka tena, walikuwemo wawili. Nyanya alikuwa ameung'ang'ania mkono wa baba kwa mikono yake yote miwili, na baba alikuwa ameifunika kwa kiganja chake cha pili. Wakanirukia pamoja. Halafu wakatazamana, wakaachana ghafla, baba akaenda kusimama mbali akiangalia ukuta. "Ulichokiona kiache hapa hapa," nyanya akaninong'oneza, akavaa viatu.

Hofu haikuishia pale. Kwa wiki nyingi niliinama juu ya kitanda cha mdogo wangu kusikiliza kama anapumua. Akikohoa, nilijua ni ile lifti. Leo ana kitambi na wajukuu, na hajui nilivyomlinda.

Siku hizi hakuna wa kukohoa kwanza ndipo aingie. Mume wa binti yangu hunikumbatia mlangoni, hula sahani moja nami, huniita mathe mbele za watu, nami nampenda. Lakini hakuna anayemwogopa mwenzake kwa heshima namna ile.

Nyanya alipokufa, baba alisimama mbali na kaburi, kama inavyompasa. Jioni ile nikathubutu kumuuliza kuhusu mle ndani ya lifti, ilikuwaje walipokuwa wakishuka.

"Aliniuliza, 'Mwanangu, tutampata?'" baba akasema. "Nikamwambia, 'Tutampata, mama.' Hayo tu ndiyo tuliyowahi kuzungumza, mimi na yeye, tangu nimwoe mama yako."