Mezani kwa Chemtai Kila Mtu Anajisemea

Naitwa Nekesa. Natoka Bungoma, nimeolewa, nina wasichana wawili, na kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kuwasemea watu. Nilikuwa mkalimani kortini. Shahidi akisema kwa Kibukusu, mimi namgeuzia hakimu kwa Kiingereza. Hakimu akiuliza, mimi namrudishia shahidi. Nilikuwa na mdomo mwepesi. Hata nyumbani mume wangu Wanyonyi alikuwa akiniambia, "Mama Sharon, si upumue kwanza."

Kabla sijawaeleza ugonjwa ulionileta kwenye kikao hiki cha wagonjwa na wanaowatunza, wacha niwaeleze mchezo mmoja, kwa sababu nikiuruka, ushuhuda wangu utakuwa nusu. Rafiki yangu Chemtai tulisoma naye chuoni. Ni mtu wa Kapsokwony, lakini anafundisha Kitale. Yeye ndiye aliyenionyesha. Mnaketi mezani watu wanne au watano. Mmoja ni msimulizi, na kwetu huyo ni Chemtai. Anawaambia mko wapi: labda mmefika msitu wenye miti inayotembea, au pango la nyoka mwenye mabawa. Wengine kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, na jina lake, nguvu zake, udhaifu wake, vitu alivyobeba. Unasema mhusika wako anafanya nini. Jambo likiwa gumu unarusha dadu ya pande ishirini. Nambari kubwa, umefaulu. Nambari ndogo, utajua hujui. Hakuna mshindi. Ni hadithi mnaitunga pamoja kwa kuongea, Jumamosi mchana, na njugu karanga katikati ya meza.

Mhusika wangu aliitwa Nanjala, balozi wa ufalme ulioanguka. Hakuwa na upanga. Wenzake wakishika silaha, yeye alitangulia kuongea na adui, na mara nyingi adui alilainika. Barasa, fundi wa pikipiki kutoka Kiminini, alikuwa shujaa mwenye shoka, na alilalamika kila wiki. "Balozi, utatumalizia kazi bana. Hiri shoka ritaota kutu."

Niliupenda mchezo huo kuliko ninavyoweza kueleza. Kortini nilibeba maneno ya wengine wiki nzima, na hairuhusiwi kuongeza hata moja lako. Jumamosi nilisema yangu.

Sasa ugonjwa. Nilikuwa na presha. Daktari alinipa vidonge, nikameza miezi michache, nikajisikia vizuri, nikaacha. Hilo ni kosa langu na sitalificha. Kichwa kilikuwa kinaniuma upande mmoja asubuhi, nikasema ni uchovu.

Siku yenyewe nilikuwa kazini. Kulikuwa na kesi ya ng'ombe aliyeibwa, na mzee mmoja alikuwa anatoa ushahidi. Alisema mwizi alipitia nyuma ya nyumba, kwenye ua wa migomba. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikafungua mdomo kumgeuzia hakimu, na kilichotoka hakikuwa lugha yoyote. Hakimu akainua kichwa. "Mkalimani, hebu rudia." Nikarudia, ikawa mbaya zaidi. Watu walidhani nafanya mzaha, kuna mtu alicheka nyuma. Kisha nikahisi mate yanashuka kidevuni upande wa kulia na siwezi kuyafuta, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia kama wa mtu mwingine. Mguu ukalegea, nikaanguka. Nikajikojolea pale pale, mbele ya korti nzima. Yule mzee shahidi ndiye aliyetoka kizimbani akavua koti lake, akanifunika.

Hospitalini walinipiga picha ya kichwa. Daktari alimwambia Wanyonyi nikiwa nasikia, "Ni kiharusi. Damu imeganda kwenye mshipa upande wa kushoto wa ubongo. Hapo ndipo lugha inakaa."

"Ataongea tena?" Wanyonyi akauliza.

"Sitakudanganya. Sijui. Miezi ya kwanza itatuonyesha."

Nililala pale wiki tatu. Niliwekewa mpira wa mkojo. Nilivalishwa nepi kama mtoto. Uji ulipita njia mbaya nikakohoa mpaka macho yakatoka machozi, na choo kilikataa siku sita. Muuguzi alinigeuza kila baada ya saa chache ili nisipate vidonda vya mgongo. Hayo yote mwili ulizoea. Jambo ambalo sikuzoea ni maneno. Nilijua kikombe ni nini. Nilikiona, nilikitaka, na mdomo ulisema "kijiko". Kila kitu kilikuwa kijiko. Mto, kijiko. Dirisha, kijiko. Mume wangu nilimwita Jumanne. Lakini mama yangu alipoanza wimbo wa kanisani kando ya kitanda, niliimba naye ubeti mzima, maneno yote sawa. Wote wakalia. Wimbo ulipoisha nikajaribu kusema asante, nikasema kijiko.

Nilirudi nyumbani na fimbo. Mama akaja kukaa nasi kunitunza, na Mungu ambariki, alinitunza. Alinisugua mkono kwa mafuta, alinipeleka chooni, alinilisha. Pia alinisemea. Mgeni akiuliza, "Nekesa, umeamkaje?" Mama anajibu, "Ameamka vizuri, amekula viazi." Mtu akiniuliza nataka chai au uji, Mama anasema uji. Wanyonyi naye. Hata watoto. Nikianza neno, watu watatu wanalimalizia, kila mmoja lake, na hakuna lililokuwa langu. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanapata uchungu kunitazama nikihangaika. Lakini mimi, polepole, niliacha kujaribu. Ikawa siku inaisha sijafungua mdomo. Kuna wiki niligeukia ukuta na sikutaka hata kuoga, na niliomba Mungu anichukue. Nasema hivi wazi kwa sababu najua kuna mtu hapa ameomba hivyo hivyo.

Chemtai alikuja kuniona. Aliketi kitandani akanishika mkono ule mbaya. "Jumamosi tunacheza," akasema. "Nafasi yako iko."

Mama akaruka. "Mchezo gani? Ule wa majitu na wachawi? Si huo ndio ulimletea haya?"

"Mama, yalimjia kwa presha," Chemtai akasema kwa heshima. "Lakini kama una wasiwasi, kuja naye. Ukae uone mwenyewe."

Basi Jumamosi hiyo Wanyonyi akatupeleka Kitale, mimi na Mama, na Biblia ya Mama. Meza ilikuwa ile ile. Chemtai alikuwa ameniandikia karatasi mpya. Akanisogezea. "Nimefikiria hivi. Huyu ni mpiga mishale. Hahitaji kuongea sana. Unaelekeza tu kidole, sisi tutaelewa."

Alifanya kwa upendo. Nilitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha nikaisukuma mpaka ikaanguka upande wa pili wa meza. Nikasema, "Na." Nikasema, "Na. Na." Mama akasema, "Anataka maji." Nikagonga meza na mkono mzuri. "Nanja."

Hilo lilikuwa jina la kwanza sahihi kulisema bila wimbo tangu niugue.

Chemtai akainuka. Akaitoa karatasi ya Nanjala kwenye faili, akaiweka mbele yangu, akaanza kusimulia. Alisema tumepanda mlima mpaka kwenye chemchemi, na jitu la mawe limeketi juu yake, limefunga maji, na vijiji vyote huko chini vinakauka. Barasa akasema anachomoa shoka. Chemtai akanigeukia. "Jitu linasema: nani anataka kupita, na kwa nini? Balozi, unajibu nini?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Mama akasema, "Mwambie anataka maji ya watoto."

Chemtai akaweka mkono mezani. "Samahani Mama. Hapa kuna sheria moja tu kubwa. Hakuna mtu anamsemea mhusika wa mwingine. Kila mtu anajisemea."

"Lakini si unaona hawezi."

"Tutangoja."

Barasa akajimiminia chai, akanimiminia na mimi. Watu walimcheka Barasa shuleni kwa sababu ya r na l zake, aliwahi kuniambia, mpaka akaacha kusoma kwa sauti. Akanisogezea kikombe. "Kunywa poripori, Balozi. Hakuna halaka. Jitu haliendi mahari."

Walingoja. Hawakunitazama kwa huruma, walitazama kama watu wanaotaka kujua hadithi inaendaje. Jasho lilinitoka. Neno lilikuwa linakuja, linateleza, linarudi. Nilipata "kijiko" mara mbili nikalimeza. Sijui ni dakika ngapi. Halafu nikasema, "Sisi. Pia. Tuna kiu."

Mama alifunga Biblia na kidole ndani yake.

"Rusha dadu," Chemtai akasema. Nikarusha na mkono wa kushoto. Dadu ikazunguka, ikasimama. Nne.

Chemtai aliitazama. Nilimwona anafikiria. Angeweza kunipa. Kila mtu angepiga makofi tukaenda nyumbani. "Nne," akasema. "Jitu limekusikia, Balozi. Limekataa."

Nikacheka. Nilicheka mpaka mate yakatoka, na Barasa akacheka, akainua shoka lake lisiloonekana. Mnaelewa kwa nini? Kwa miezi mitatu watu walikuwa wananipongeza kwa kumeza uji. Hapa mtu alikuwa amenisikiliza mpaka mwisho na kunikatalia, kama mtu mzima.

Kwenye gari Mama alisoma Biblia yake mpaka tulipopita Kiminini. Kisha akasema, "Wiki ijayo umwambie hilo jitu kwamba hata lenyewe litakauka." Kisha akajizuia. "Ama useme unavyotaka."

Nilirudi wiki iliyofuata na zile zilizofuata. Mtaalamu wa matamshi hospitalini alinipa kadi za picha na mazoezi ya ulimi, na niliyafanya kila siku mbele ya kioo, na mazoezi ya mkono pia, kukamua kitambaa, kuokota maharagwe. Sitaki mtu aseme mchezo uliniponya. Vidonge, mazoezi, Mungu, na wale waliokuwa wananiogesha ndio walioniponya. Lakini mtaalamu aliniambia jambo moja: "Kadi zinakufundisha neno. Unahitaji mahali pa kulihitaji." Mimi nilikuwa napo. Jitu lilinichukua wiki tano. Nilipolitoa pale juu ya chemchemi, nilisema sentensi nne mfululizo, na dadu ikaleta kumi na saba, na Mama ndiye aliyepiga kigelegele.

Leo natembea bila fimbo, ila nikichoka mguu unaburuta. Mkono wa kulia haujarudi wote. Sikurudi kuwa mkalimani wa kusimama kortini. Nimepewa kazi ya kutafsiri hati za maandishi, na naifanya vizuri, polepole. Maneno bado yananikimbia, hasa nikikasirika. Wanyonyi sasa anajua kukaa kimya na kuningoja. Alijifunza kwa Mama.

Ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru yule mzee wa koti, ambaye sijui hata jina lake. Ninawashukuru wauguzi waliosafisha uchafu wangu bila kukunja uso, na Wanyonyi, na Mama, na Chemtai aliyekataa kunidanganya, na Barasa na chai yake.

Ninyi wenye presha, mezeni dawa hata mkijisikia wazima. Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakichanganyika, usikubali kuambiwa ulale kidogo, ukimbizwe hospitali saa hiyo. Na ninyi mnaotunza wagonjwa kama sisi, msitumalizie sentensi. Tuulizeni swali, kisha mshike vikombe vyenu.

Nimemaliza yangu. Hapa mbele ameketi Mzee Simiyu na mkewe. Amepata kiharusi juzi juzi, na wakati wa chai amenionyesha kwa mkono kwamba naye anataka kuwaambia jina lake. Nawe Mama, mkewe, tafadhali, usimsaidie. Mzee, tuko hapa.