Kura Nzito ya Merle

Shangazi yangu Ardith aliipika supu ya uchaguzi kwa miaka mingi kuliko aliyokaa kwenye ndoa. Ikifika Novemba ya kupiga kura, chumba cha chini cha kanisa letu pale Tolver, jimbo la Wyoming, Marekani, tulikopigia kura, kilinukia nyama ya kusaga, maharagwe na pilipili, na pembeni mikate mitamu ya mdalasini. Ukishapiga kura unachovya mkate kwenye supu, unakula. Mgeni akikunja uso tunamcheka. Siku hizi wanagawa biskuti za dukani. Aibu tupu.

Jioni ya uchaguzi mmoja simu ya shangazi ililia. Alikuwa baba mdogo Merle, mchomeleaji wa meli huko California, aliyekuwa hachoki kumchokoza dada yake.

"Dada, mmeshatuibia rais?"

"Tumeiba nini tena, we mzee?"

"Rais anachaguliwa na wajumbe wa kila jimbo, na ninyi, wachache hivyo, mmepewa watatu! Kura yako moja ina uzito wa kura zangu tatu. Mna ng'ombe wengi kuliko watu, halafu mnatupangia!"

"Basi rudi nyumbani, nawe uwe mzito."

Walicheka, ila Merle hakuwa akitania. Maisha yake yote alijiona anapiga kura ya bure. Mkewe alipofariki, na mapafu yake mwenyewe kuharibika kwa moshi wa kuchomelea, alifungasha akarudi kwetu. Alitaka jambo moja tu: kabla hajafa, kura yake nayo ihesabike sawasawa.

Siku ya uchaguzi alivaa tai. Nilimshika mkono kwenye ngazi kwa sababu ya barafu, naye akalalamika kwamba namfanya mgonjwa. Alipotoka kupiga kura alikuwa akitabasamu peke yake. Akala mikate miwili, akaomba wa tatu. Nilimpenda sana siku ile.

Hatujamaliza kuosha masufuria, redio ikatangaza. Wajumbe wote watatu wa Wyoming walikwenda kwa mgombea wa chama cha Ardith, kama ilivyokuwa tangu nikiwa mtoto. Merle, aliyempigia mpinzani, kwa hamu yake ya uzito alikuwa amesahau kwamba anayeshinda jimbo anazoa wajumbe wote, na aliyeshindwa haambulii hata mmoja.

"Kumbe!" alisema, akilegeza tai. "Kule kura yangu ilikuwa nyepesi. Huku ni nzito, lakini mnaitupa."

Nilingoja shangazi amtanie. Hakumtania. Aliendelea kusugua sufuria lililokwisha takata.

"Si haki, Merle," alisema hatimaye. Upande wake ndio ulikuwa umeshinda, na sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Merle hakuuona uchaguzi uliofuata. Mapafu yalimshinda, tukamzika karibu na wazazi wao.

Novemba ya uchaguzi huo ilipofika, Ardith alipika kama kawaida, akapiga kura, nikamrudisha nyumbani kwa gari. Alipakata mkoba mapajani.

"Nimempigia mgombea wa chama cha Merle," alisema ghafla.

Nusura niingie mtaroni. "Shangazi! Wewe?"

"Angalia barabara, mtoto. Wangu atashinda hapa hata nikibaki kitandani. Merle alikuwa na kura moja tu, na sasa hayupo kuipiga."