Kufuli la Nje

Nilianza kujifunza kufungua kufuli bila ufunguo kwa sababu ya hasira. Nilikuwa nimepoteza ufunguo wa nyumba niliyopanga Nzuguni, nikamwita fundi, naye akautekenya mlango wangu kidogo tu, ukafunguka kama nyumba haina mwenyewe. Wiki nzima sikulala vizuri. Nikamrudia nikamwambia anifundishe.

Alinichongea vyuma viwili kutoka kwenye waipa ya gari. Kimoja kinakaza, kingine kinatafuta pini ndani ya kufuli na kuzisukuma mojamoja. Jioni nikitoka kazini Mtumba, nilikaa sebuleni na kufuli mapajani, macho nimefumba.

"Dada, unalikaba," fundi alinikaripia kila nilipompelekea. "Legeza mkono, lisikilize."

Sikupenda kulisikiliza. Kila pini ina springi, ukiisukuma nayo inakusukuma, na nikifumba macho nilihisi kuna mtu upande wa pili anayenizuia nisiingie. Kuna siku niliacha nikawasha taa zote. Mwanamke mzima, mtumishi wa umma, naogopa kufuli! Lakini nilikuwa nimeshafungua machache, na utamu wake ulinikolea.

Kisha simu ya baba ikawa haipatikani. Baba alikuwa anaishi peke yake Kolo tangu tumzike mama. Nikampigia jirani yake.

"Mzee kasafiri, mwanangu. Tumepiga hodi jana na juzi. Geti lina kufuli kwa nje."

Baba yangu hasafiri. Hata akienda Kondoa mjini kununua sukari ananiaga. Jumamosi nikapanda basi, vyuma vyangu mkobani.

Nyumba ilikuwa imetulia mno. Kuku walijikusanya kwenye beseni kavu uani. Geti la nondo la mlangoni lilikuwa na kufuli, na nyuma yake mlango wa mbao ulikuwa umefungwa. Nikapiga hodi. Kimya. Jirani alisimama nyuma yangu akirudia kwamba mzee kasafiri, nami nilitamani anyamaze.

Nikapiga magoti, nikaingiza chuma. Pini hazikuwepo upande niliouzoea. Nikajaribu upande mwingine wa tundu, nikazikuta zote huko. Ndipo nikalitazama lile kufuli vizuri. Uso wake, wenye jina la kiwanda, ulikuwa umeelekea ndani. Sisi tulikuwa tunatazama mgongo.

Mtu anayetoka kwake hafungi hivyo. Kufuli lile lilifungwa na mkono uliopenyezwa kwenye nondo na mtu aliyekuwa ndani.

"Hajasafiri," nikasema, na jirani akaanza kuomba dua.

Nikalikaba lile kufuli mpaka pini zikagoma kabisa. Niliogopa nitakachokikuta kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nikafumba macho, nikalegeza mkono, nikaanza upya. Pini moja ikaitika, nyingine ikafuata, na mwishowe kufuli likaachia. Mlango wa mbao ulikuwa umerudishiwa tu, nikausukuma.

Baba alikuwa sakafuni kando ya kitanda, mguu umevimba, midomo imepasuka kwa kiu. Macho yalikuwa wazi. Nilimwamkia, sijui kwa nini, labda kwa mazoea tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Jirani alikimbia kutafuta gari. Nilimnywesha baba maji kwa kijiko huku nalia, nikamuuliza kwa nini alijifungia vile. Alisema alichoshwa na pole za watu. Kila anayekuja anampa pole ya mama, na akiondoka anamwachia msiba upya. Akaona afadhali apitishe mkono, afunge kwa nje, watu wakiona kufuli wageuze. Alipoteleza akaanguka aliita, lakini sauti haikufika hata mlangoni.

"Nilikuwa nawasikia," alisema. "Wanapiga hodi, wanaona kufuli, wanaambiana hayupo. Kila siku hayupo." Akameza maji, akanitazama kama ananitafuta. "Hata wewe ulipopiga hodi, nilitaka kukujibu hivyohivyo, mwanangu. Kwamba mwenyewe hayupo."